Kuhesabu Mpaka Tano: Kinachotendeka Ndani ya Albamu ya Time Out

Weka kibao cha "Take Five", kilichomo katika albamu ya jazi ya Time Out ya kwarteti ya Mmarekani Dave Brubeck, kisha piga makofi kama unavyofuata wimbo wowote: moja, mbili, moja, mbili. Makofi machache ya mwanzo yatakaa sawa. Halafu utahisi kofi limeangukia pasipo pake, kana kwamba muziki umepiga hatua moja fupi ukakuacha na mguu juu. Ukivumilia mtakutana tena, kisha mtaachana tena. Mimi nilipokisikia mara ya kwanza nilidhani kasoro iko mkononi mwangu.

Wengi wakifika hapo huamua kwamba huu ni muziki wa wataalamu, kwamba bila kusoma nadharia hutaambulia kitu. Wengine husema ndiyo hiyo jazi, kila mtu anapiga lake. Kauli zote mbili hutajwa sana kila albamu ya Time Out inapozungumziwa, pamoja na nyingine zinazorudiwa mpaka zikaonekana kweli: kwamba Dave Brubeck ndiye aliyetunga "Take Five", kwamba kibao cha kwanza, "Blue Rondo à la Turk", kimechukuliwa kwa Mozart, mtunzi wa kale wa Ulaya, kwamba kabla ya hapo hakuna mwanajazi aliyewahi kutoka nje ya kipimo cha mapigo manne. Mkanganyiko huu unaniuma kidogo, kwa sababu albamu yenyewe ni nyepesi kueleweka kuliko sifa zake. Inadai uweze kuhesabu mpaka tisa, basi.

Tuanze na maneno. Kwarteti ni kundi la wapigaji wanne. Hawa walikuwa Dave Brubeck kwenye piano, Paul Desmond kwenye saksofoni ya alto, Eugene Wright kwenye besi kubwa ile ya kusimamishwa, na Joe Morello kwenye ngoma na matoazi. Albamu ya studio ni mkusanyiko wa vibao vilivyorekodiwa faragha, bila watazamaji, ambako wapigaji wakiharibu wanaruhusiwa kurudia. Haimaanishi kwamba kila mtu alipiga peke yake kisha vipande vikaunganishwa. Wanne hawa walikaa chumba kimoja wakapiga kwa pamoja, wakisikilizana. Chumba chenyewe kilikuwa studio ya kampuni ya santuri ya Columbia katika Mtaa wa 30 jijini New York, jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa, lenye dari ya juu sana. Walikwenda humo siku tatu za mwaka 1959: tarehe 25 Juni, 1 Julai na 18 Agosti. Albamu ikatoka tarehe 14 Desemba mwaka huohuo, vibao saba, dakika 38 hivi.

Neno jazi lenyewe linahitaji tahadhari, maana kwetu lilibandikwa kwenye majina ya bendi za dansi, Morogoro Jazz na Western Jazz kwa mfano, ambazo muziki wao ulikuwa mwingine kabisa. Jazi inayozungumzwa hapa ni ile iliyozaliwa na Wamarekani weusi, New Orleans ikiwa kitovu chake cha mwanzo. Katika jazi hiyo kundi hutangulia kupiga wimbo kama ulivyo, kisha kila mpigaji kwa zamu hubuni kitu kipya papo hapo, na zamu hiyo ndiyo huitwa solo, na mwisho wimbo hurudi.

Kwa hiyo wanabuni, lakini hawapigi ovyo. Anayewajua malenga wanaojibizana papo kwa papo ataelewa mara moja. Malenga anapomjibu mwenzake hana karatasi mkononi, maneno yanamjia palepale, lakini vina viko palepale na mizani haipungui. Kila mshororo una mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao, na akizidisha moja tu hadhira inasikia. Uhuru wake wote umo ndani ya kipimo. Mwanajazi naye yuko hivyo. Solo ni yake, kipimo ni cha wote.

Kipimo ni hesabu ya mapigo kabla ya kurudi mwanzo. Sehemu kubwa ya jazi mpaka miaka ile ilikwenda kwa nne: moja-mbili-tatu-nne, moja-mbili-tatu-nne. Mwili unaipenda nne kwa sababu inagawanyika mara mbili sawasawa, mguu wa kulia na wa kushoto hauna ugomvi. Waltzi, dansi ya Ulaya, inakwenda kwa tatu. Ukiona wanamuziki wameandika tarakimu mbili, moja juu ya nyingine, ile ya juu ndiyo inayokuambia uhesabu mpaka ngapi. Ya chini ni habari ya wanaosoma nota, msikilizaji anaweza kuiacha.

Sasa tano. Siri ya tano ni kwamba hakuna anayeihesabu kama tano. Sikio huikata vipande viwili, na "Take Five" huikata tatu na mbili: moja-mbili-tatu, moja-mbili. Ni kama mshororo ambao ukwapi wake una mizani tatu na utao wake mbili tu. Hakuna kilichoharibika, ila pande mbili hazilingani urefu, na kule kutolingana ndiko kunakofanya wimbo uonekane kila mara unajikwaa kidogo na kusimama. Rudia sasa lile jaribio la mwanzo, lakini usipige makofi kwa mbilimbili. Piga kofi moja kwenye pigo la kwanza na jingine kwenye la nne, mawili tu kwa kila mzunguko. Ndani ya nusu dakika mkono utatulia.

Usipopata, msikilize mpiga piano. Hapa ndipo penye jambo ninalotaka msomaji alibebe kuliko yote. Brubeck, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye santuri, katika kibao hiki hana solo hata moja. Anapiga mchoro mmoja mfupi wa kodi mbili, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, uleule, tangu karibu mwanzo mpaka mwisho. Desmond anapaa na saksofoni yake laini, Brubeck yuko palepale. Morello anaingia na solo ya ngoma ya zaidi ya dakika mbili, anaacha nafasi tupu mahali ambapo ungetarajia kishindo, anaweka kishindo mahali ambapo ungetarajia ukimya, na piano inaendelea vilevile: moja-mbili-tatu, moja-mbili. Ile solo ya ngoma, ambayo wengi huiona ndiyo sehemu ngumu, ina mkono wa kukushika tangu inapoanza. Ukisikiliza piano na si ngoma, utaona Morello hapotei hata mara moja, na wewe hupotei naye.

Je, nani aliyetunga? Ni Paul Desmond. Brubeck alitaka albamu nzima ijaribu vipimo visivyozoeleka, na Morello alikuwa akichezea tano jukwaani, basi Desmond akaombwa alete kitu cha tano ambacho kingempa mpiga ngoma nafasi ya solo. Alileta vijisehemu viwili vya wimbo ambavyo havikuwa na uhusiano. Brubeck akapendekeza cha kwanza kirudiwe na cha pili kikae katikati kama daraja. Utunzi ni wa mmoja, mpangilio una mkono wa mwingine, na chanzo cha mdundo ni wa tatu. Lakini kwenye jalada jina kubwa ni la Brubeck, naye alikipiga kibao hiki kwa miongo mingi baadaye, kwa hiyo kosa la watu linaeleweka. Desmond alipofariki mwaka 1977, wosia wake ulielekeza mapato ya kibao hicho yaende kwa Msalaba Mwekundu wa Marekani. Kila kinaponunuliwa au kuchezwa mahali panapolipia haki za watunzi, fedha yake ya utunzi hufuata njia hiyo.

Jina nalo lina maana mbili. Wanamuziki wa Marekani wakitaka kupumzika kidogo husema maneno hayo, yaani tupumzike dakika tano, na palepale tano ni idadi ya mapigo. Jina la albamu lina mchezo kama huo: ni ile ishara ya michezoni ya kusimamisha saa, na pia ni kuwa nje ya wakati uliozoeleka.

Wala usifikiri kwao kilikuwa rahisi. Tarehe 25 Juni walikijaribu na kukijaribu, kikawashinda, wakaondoka studio bila rekodi ya kutumika. Ile tunayoijua ni ya tarehe 1 Julai. Mwaka 2020 familia ya Brubeck ilitoa santuri ya majaribio yaliyobaki, inaitwa Time OutTakes, na humo mtu anasikia kwa masikio yake jinsi wapigaji hodari walivyokuwa bado wanautafuta mguu wao. Nawashauri wanaojiona wajinga kwa sababu makofi yao yalikosea wakaisikilize hiyo kwanza. Na hapa pia maana ya studio inaonekana vizuri zaidi: studio iliwapa ruhusa ya kushindwa siku moja na kurudi siku nyingine. Kubuni kulibaki kwa papo hapo kila waliporudia, ndiyo maana hakuna majaribio mawili yanayofanana.

Kibao kinachofungua albamu, "Blue Rondo à la Turk", ni kigumu zaidi kwa hesabu, na kwa maoni yangu ndicho kizuri zaidi. Mwaka 1958 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ililituma kundi la Brubeck kwenye ziara ndefu iliyopita Poland, Uturuki, India na nchi nyingine za Asia. Vilikuwa vita baridi, na serikali ilikuwa ikiutumia muziki kama ubalozi. Mjini Istanbul Brubeck aliwasikia wanamuziki wa mitaani wakipiga mdundo wa mapigo tisa. Akawauliza wanamuziki wa redio ya pale ni kitu gani, akaelezwa kwamba kwao mdundo ule ni kama blues, ule muziki wa asili wa Wamarekani weusi, ilivyo kwa Wamarekani: kitu cha nyumbani, ambacho hata hakihitaji kufikiriwa.

Tisa kwa kawaida ya Ulaya ni tatu mara tatu, na inakwenda kama bembea. Ile ya Istanbul hukatwa kwa namna nyingine: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Isome kwa sauti, haraka, bila kusimama. Unasikia jinsi ile ya mwisho inavyorefusha mwendo? Jumla ni ileile tisa, mkato ndio uliobadilika. "Blue Rondo à la Turk" hupiga mizunguko mitatu ya mkato huo, kisha wa nne wa tatu-tatu-tatu, halafu inarudia. Sikio likishaukamata mpango huu wa mara tatu kisha mara moja, kile kilichoonekana kelele za haraka kinageuka kuwa kitu chenye mpangilio kama msuko wa mkeka.

Kisha muziki unageuka. Kipimo cha Kituruki na kipimo cha nne vinapokezana kwa muda mfupi, vikijibizana, na ghafla kundi linatua kwenye nne tulivu na blues ya kawaida kabisa. Desmond anaanza solo. Mabega ya msikilizaji yanashuka. Ndipo lile neno "blue" kwenye jina linapojieleza, na yale maneno ya wanamuziki wa Istanbul yanakuwa muziki: blues yao na blues ya Wamarekani, ndani ya kibao kimoja, kila moja ikipewa haki yake.

Mozart aliingizwa humu kwa sababu ya jina. Ana kipande maarufu cha piano chenye jina la kufanana, Rondo alla Turca, na Brubeck alikuwa analichezea jina hilo kwa utani. Lakini cha Mozart kinakwenda kwa mbili, mwendo wa gwaride, na wimbo wake si huu. Kilichokopwa ni jina. Mdundo una wenyewe, nao walikuwa mitaani Istanbul.

Vibao vingine niviendee haraka. "Strange Meadow Lark" huanza kwa piano peke yake, bila mapigo ya kudumu, kama mtu anayezungumza bila haraka, kisha kundi linaingia kwa nne ya kawaida. Kwa hiyo si kweli kwamba albamu nzima imejaa vipimo vya ajabu. "Three to Get Ready" huanza kama waltzi ya kitoto, halafu inaanza kupokezana: mizunguko miwili ya tatu, mizunguko miwili ya nne. Ni kibao bora cha kufundishia mtoto kuhesabu muziki, na nasema hivyo kwa heshima. "Kathy's Waltz" ni jina la binti wa Brubeck, Cathy, likiwa limekosewa herufi ya kwanza. Humo kuna mahali piano inakwenda kana kwamba iko kwenye nne huku wenzake wakiwa kwenye tatu, na ukiwasikiliza wote kwa pamoja ni kama kuona watu wawili wa hatua tofauti wakitembea bega kwa bega na kufika pamoja. "Everybody's Jumpin'" na "Pick Up Sticks" ni za sita.

Kuhusu kuwa wa kwanza, hapana. Mpiga piano Fats Waller alitoa waltzi ya jazi mwaka 1942, na mwaka 1957 Max Roach, mpiga ngoma Mmarekani mweusi, alitoa albamu nzima ya kipimo cha tatu. Kusema Brubeck alianzisha yote ni kuwafuta hao. Kilichokuwa kipya ni kulifanya jaribio hilo kuwa shabaha ya albamu yote, kisha albamu hiyo ikafika kwa watu ambao hawakuwa wasikilizaji wa jazi.

Na haikutarajiwa kufika. Watu wa mauzo wa Columbia walikuwa na malalamiko yanayoeleweka: vibao vyote vilikuwa vipya, hakuna hata wimbo mmoja ambao mnunuzi angeujua, jaladani hakuna picha ya wanamuziki bali mchoro wa kisasa wa S. Neil Fujita, na zaidi ya yote, nani atacheza dansi kwa tano? Rais wa kampuni, Goddard Lieberson, ndiye aliyelitetea wazo. Kama fidia, kundi lilirekodi pia albamu ya nyimbo zinazojulikana za kusini mwa Marekani, ili kampuni iwe na kitu cha uhakika mkononi. Time Out ilianza polepole. Mwaka 1961 "Take Five" ikaanza kuchezwa sana redioni, ikaingia kwenye chati ya nyimbo za pop ya jarida la Billboard na kufika nafasi ya 25, na albamu ikapanda mpaka nafasi ya 2 kwenye chati ya albamu. Mauzo yake yalivuka nakala milioni moja, jambo ambalo albamu ya jazi haikuwa imezoea kulisikia. Mwaka 2005 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa.

Kuna mmoja wa wanne ambaye maelezo ya albamu hii humpita haraka. Eugene Wright, mzaliwa wa Chicago, alijiunga na kundi mwaka 1958 na akawa mweusi pekee kati ya wanne. Katika majimbo ya kusini, sheria na desturi za ubaguzi hazikutaka weusi na weupe wakae jukwaa moja. Mwaka 1960, wakati albamu hii ndiyo kwanza imeingia madukani, Brubeck alikuwa na ziara ya vyuo 25 vya huko. Vingi vilimtaka amwache Wright aje na mpiga besi mweupe. Brubeck alikataa, na sehemu kubwa ya ziara ikafutwa pamoja na fedha zake. Wright aliishi mpaka Desemba 2020, akafariki akiwa na miaka 97, wa mwisho kati ya wanne hao.

Ndiyo maana napenda albamu inavyofungwa. Katika "Pick Up Sticks" anayeshikilia mchoro si piano tena. Wright anapiga mstari wa nota sita kwenye besi, na anaurudia, na anaurudia. Safari hii Brubeck ndiye aliye huru: anagonga kodi nzito juu ya mstari ule, anauvuka, anaupinga, anarudi. Besi haiyumbi. Punguza sauti kidogo, hesabu sita pamoja na Wright, na umwache Brubeck aende anakotaka.